Tangazo Mlangoni pa Fundi Mashua

Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha lifunga jalada kwa uzi, mafundo mawili, na alipoona Inspekta anaanza kulifungua akapiga meza kwa kiganja.

"Wewe mwanamke umezaliwa na nani? Jalada limekamilika. Kesho saa tatu mtu wetu yuko mbele ya hakimu."

"Naomba mpaka jioni, mkuu."

"Saa kumi na moja. Ukizidisha dakika moja, nakuandikia likizo usiyoiomba."

Pale kituoni walimwita Inspekta Kupe, na hakuna aliyeona haya kumwita hivyo anasikia. Aking'ang'ania kitu hang'oki, na mara nyingi alichokuwa amekishika hakikuwa na damu yoyote ya kunyonya. Mkuu alikuwa na sababu ya kuchoka naye. Safari hii hata yeye mwenyewe alikuwa amechoka, maana alikuwa na siku tatu za usingizi mbovu na neno moja tu la kushikilia, tena neno la mshtakiwa.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi machoni pa kila mtu. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa shati la mikono mirefu hata juani, ambaye hakuwahi kujifunza kuogelea. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Alhamisi jioni, Mwalimu alitoa mihadhara ya bure katika ukumbi wa mji ule wa pwani: urithi wa mji, na visa vya watu wa zamani waliojitosa katika safari za hatari. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Mara moja kwa mwaka mhadhara ulitoka ukumbini ukaenda kwa miguu. Bahari ikipwa, watu walivuka mchanga mpaka kwenye mabaki ya meli ya mvuke iliyokwama huko nje zamani za mababu, wakayagusa kwa mikono yao, wakarudi kabla maji hayajarudi. Saa moja kabla ya kundi, Mwalimu alitangulia peke yake kuchomeka bendera ndogo nyekundu, ili watu wajue mchanga mgumu uko wapi.

Jumamosi iliyopita alitangulia kama kawaida. Watu thelathini na wawili walipofika ufukoni saa nne asubuhi, kama tangazo lilivyosema, walikuta maji, na ncha za bendera zikichungulia juu ya maji kwa mstari ulionyooka kuelekea kwenye meli. Wakasimama pale na viatu mkononi. Baadaye kidogo mashua ya Fundi Mashua ikaja kutoka upande ule ule, na ndani yake maiti ya Mwalimu, kichwa kimepasuka, damu kwenye mbao.

Na huyo Fundi Mashua, siku tisa kabla, alikuwa amesimama safu ya nyuma ukumbini, mbele ya watu sitini, akamwambia Mwalimu: "Iko siku bahari itakufundisha wewe." Maneno hayo yalikuwa katika maelezo ya mashahidi kumi na wanne, mengine yametiwa chumvi. Ugomvi ulianza Mwalimu aliposema kwamba meli ile ilikwama kwa sababu nahodha wake alikuwa amelala usingizi. Nahodha huyo alikuwa babu yake Fundi.

Mkuu aliijumlisha kesi kwa sentensi moja. Fundi alijua saa iliyo kwenye tangazo si yenyewe, akanyamaza, akamvizia mzee wa watu kwa mashua, akampiga kasia la kichwa.

Inspekta alichukua jalada kwapani akashuka mahabusu.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha lenye nondo lililotazama ukuta wa pili. Fundi aliletwa amefungwa pingu. Alikuwa mtu mpana, kucha zimeganda lami, na alikaa kwenye kiti kwa uangalifu, anakipima kama kitavunjika.

"Habari yako, Fundi."

"Ya mahabusu, afande."

"Umekula?"

"Tuzungumze uliyokuja nayo."

Inspekta akafungua jalada. "Daktari anasema Mwalimu amekufa maji. Jeraha la kichwa lina kutu ndani yake."

"Kasia langu ni la mti."

"Hilo nimeliona. Mkuu wangu anasema unaweza kuwa umemsukuma kwenye chuma cha meli."

Fundi akatikisa kichwa.

"Nirudie mwanzo," Inspekta akasema. "Ulijua saa imekosewa?"

"Jedwali la maji ninalo ukutani. Fundi asiye nalo ataishusha mashua kwenye matope. Jumamosi ile maji yalikupwa saa moja asubuhi. Wao wakaandika saa nne. Saa nne bahari imekwisha geuka zamani."

"Na mtu anayetangulia saa tatu haoni kama inageuka?"

"Mimi naona. Mwalimu ataonea wapi? Bahari aliisoma vitabuni." Alisema bila kejeli. "Mchanga wa mbele yako unabaki mkavu, afande. Maji huingia nyuma kwanza, kwenye mkondo, huko ulikopita. Yanakuzunguka hata kidole hakijalowa. Ukigeuka kurudi, njia hakuna."

"Sasa ulipoliona tangazo, ulifanya nini?"

"Nimekwisha sema mara ngapi? Wao wenyewe walikuja kulibandika mlangoni pangu kabla hatujagombana. Siku mbili baada ya ugomvi nikalisoma. Nikachukua penseli ya kazi, nikaikata ile saa nne, nikaandika saa moja. Kubwa hivi." Akajaribu kuonyesha kwa mikono, pingu zikamzuia.

"Koplo wangu alikwenda Jumapili. Tangazo liko mlangoni pako, safi, saa nne, halina hata alama ya penseli."

"Basi Koplo ana macho, na mimi nina wazimu."

Hapo ndipo kesi ilipolala kwa siku mbili. Mtu aliyeonya hawezi kuwa amenyamaza ili aue. Lakini mtu anayedai ameonya, na onyo halionekani, ni mwongo, na mwongo mwenye damu kwenye mashua yake hakimu hamwangalii mara mbili.

"Kwa nini hukwenda kumwambia kwa mdomo?"

Fundi alizitazama pingu zake. Nje mtu alikuwa anafagia ua.

"Nilikuwa na hasira," akasema mwishowe. "Nikasema penseli inatosha. Kwenda nyumbani kwake nilikuona ni kwenda kuomba radhi, na aliyetukaniwa babu ni mimi. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu hadi kwake, afande. Nimeuhesabu humu ndani mpaka nimechoka kuuhesabu."

"Na asubuhi ile?"

"Niliziona bendera kutoka karakana. Injini yangu iko mezani vipande vipande. Nikasukuma mashua peke yangu, nikapiga makasia. Nilimwona amepanda juu ya ile meli, amevua shati, ananipungia. Halafu wimbi likamtoa, likambamiza kwenye chuma. Nilipofika alikuwa anaelea."

"Alisema chochote?"

"Alikuwa anaita. Sikusikia anaita nini."

Inspekta akafunga kalamu. Fundi akamwangalia kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Wanangu wameacha kwenda shule," akasema. "Mama yao ananiambia huko wanaitwa watoto wa muuaji. Mdogo ana miaka saba. Kesho nikisimama kizimbani, hata nikija kuachiwa baada ya miaka miwili, hawa wamekwisha."

Inspekta akachukua jalada, akasimama.

*

Karakana ilikuwa mwisho wa barabara ya ufukoni, baada ya kiwanda cha barafu. Mlango wake ulikuwa wa mbao nene, umefungwa kwa kufuli la polisi, na tangazo lilikuwa katikati yake, juu kidogo ya komeo. MHADHARA WA KUTEMBEA. MELI YA MVUKE. BURE KWA WOTE. MAJI KUPWA, SAA NNE ASUBUHI.

Koplo alikuwa mtu mzito aliyependa kivuli, na pale hapakuwa na kivuli. "Ndilo hilo, afande. Nimekwambia. Kama kuna penseli hapo, nikatwe masikio."

"Yaache kwanza, utayahitaji."

Inspekta hakulisoma tangazo. Alikuwa amekwisha lisoma mara mia katika picha ya jalada. Alisogea kando, akaliangalia kwa ubavu, macho karibu yaguse mbao. Kisha akarudi nyuma hatua ishirini hadi ukuta wa kiwanda cha barafu, kulikokuwa na tangazo lile lile, akalipapasa kwa kidole gumba. Akavuka barabara hadi nguzo ya taa, ambako kulikuwa na jingine. Akarudi mlangoni.

"Koplo, soma muhuri wa pale kiwandani."

Koplo akaenda, akainama. "Ukumbi wa mji. Tarehe tatu."

"Wa kwenye nguzo?"

"Tarehe tatu."

"Njoo usome huu."

Koplo akaja akijikokota, akafuta jasho, akasoma. Akasoma tena. "Tarehe tisa."

"Mji mzima umebandikwa tarehe tatu. Mlango mmoja tu umebandikwa tarehe tisa. Na Fundi anasema aliandika penseli yake tarehe saba. Sasa weka kidole hapa ukingoni."

Koplo akaweka. Uso wake ukabadilika polepole. Karatasi ilikuwa nene kama jalada la daftari.

"Mimi nilisoma tu, afande," akasema kwa sauti ndogo. "Sikupapasa."

"Hata mimi sikupapasa. Nimekaa na picha siku mbili nzima."

Wakapata ndoo na taulo kwa mlinzi wa kiwanda cha barafu. Gundi ya ukumbi ilikuwa ya unga, na gundi ya unga haina ukaidi mbele ya maji. Inspekta aliloweka taulo, akalikandamiza juu ya karatasi, akahesabu mpaka mia tatu. Kisha akaanza kona ya juu, kwa ukucha, kidogo kidogo, huku Koplo akipiga picha kila hatua. Karatasi ya juu ilitoka nzima, ikamlalia mkononi kama utando wa maziwa. Chini yake kulikuwa na tangazo lile lile, muhuri wa tarehe tatu. Saa nne ilikuwa imekatwa kwa mistari miwili minene ya penseli ya seremala, na kando yake, kwa herufi za mtu asiyeandika mara kwa mara, kubwa, zimekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka mahali pamoja: SAA MOJA.

Koplo akashusha kamera. "Basi mtu wa watu alisema kweli."

"Alisema kweli."

"Sasa mbona hufurahi, afande?"

Inspekta alikuwa anautazama ule muhuri wa pili. Tangazo lisingeweza kujibandika. Mtu alifika hapa tarehe tisa, akaisoma saa iliyo sahihi, kisha akaifunika.

"Twende ukumbini," akasema.

*

Ukumbi ulinukia sakafu iliyopigwa deki. Viti vilikuwa vinapangwa, maana saa kumi na moja jioni ile ile kulikuwa na mhadhara wa kumkumbuka Mwalimu, na aliyevipanga alikuwa mwanawe mkubwa, karani wa forodha, bado na tai ya kazini shingoni.

"Inspekta," akasema bila kuweka chini kiti alichoshika. "Umekuja kuniambia kwamba kesho mnampeleka?"

"Nimekuja kuonana na mama."

"Yuko ofisini. Tumemwambia apumzike, hataki. Kama kuna jambo, niambie mimi."

"Ni la ofisi."

Mjane wa Mwalimu alikuwa ndiye katibu wa mihadhara tangu siku ya kwanza, na mji mzima ulimwita Bi Katibu, hata wajukuu zake. Alikuwa mwembamba, miwani imening'inia kifuani, na meza yake ilikuwa nadhifu mno. Aliinuka kuwapokea, akawaagizia viti, akauliza kama watakunywa chai. Mwanawe aliingia nyuma yao akaegemea mlango. Inspekta alifikiri kumtoa, kisha akaona mama wa watu ana haki ya kuwa na mwanawe karibu. Baadaye alijilaumu kwa uamuzi huo.

"Pole tena, Bi Katibu."

"Tumekwisha poa, mwanangu. Tunamngoja hakimu tu."

"Naomba kuliona daftari la mihuri."

Bi Katibu akalitoa mara moja, tena kwa fahari kidogo. Ukumbi ule ulikuwa na desturi yake: hakuna tangazo lililotoka bila muhuri, na hakuna muhuri uliogongwa bila kuandikwa. Tarehe, nakala ngapi, zinakwenda wapi, na saini ya aliyezichukua. Yeye ndiye aliyeianzisha desturi hiyo, baada ya watu kubandika matangazo ya ovyo kwa jina la ukumbi. Katika miaka kumi na mmoja hakuruka mstari hata mmoja.

Inspekta akafungua mwezi ule. Tarehe tatu, nakala arobaini. Akashuka kwa kidole. Tarehe tisa, nakala moja. Mlango wa Fundi Mashua. Sababu: lililopo limechafuliwa. Mwandiko ulikuwa wa Bi Katibu, wima, wa shuleni. Saini ya mpokeaji ilikuwa ya Mwalimu.

Akamgeuzia daftari. Kisha akafungua picha za Koplo kwenye kamera, akaiweka pembeni yake.

"Saa uliyoiandika, Bi Katibu, ulituambia ulipewa na ofisi ya bandari."

"Ndiyo."

"Bandarini wanasema mwaka huu hukufika."

Mwanawe akasogea kutoka mlangoni. "Unamhoji mama? Mfiwa? Babangu hajatimiza siku nne kaburini!"

"Kaa chini, baba," Bi Katibu akamwambia mwanawe, kwa upole, kama anavyoambiwa mtoto mezani. Kijana hakukaa.

Bi Katibu akavaa miwani. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuyasoma maneno mawili.

"Nikuambie jambo moja kabla hujajibu," Inspekta akasema. Hakuna kanuni iliyomtaka aseme hivyo, na pengine ziko zilizomkataza. "Daftari linaonyesha tangazo lilibadilishwa. Halionyeshi nani alisoma nini. Ukisema hamkuona kilichoandikwa, hakuna wa kukupinga, maana Mwalimu hayupo. Lakini mkuu wangu atasema Fundi alilibandua la juu baadaye, akayaandika haya, akalirudisha, au atasema chochote atakachoweza kusema, na kesho Fundi atasomewa shtaka la kuua kwa kukusudia. Ukisema mlisoma, jioni hii anarudi kwake."

"Na mimi?"

"Kosa la saa si kosa la jinai, nadhani. Kutudanganya kuhusu bandari ni kosa dogo. Hakuna atakayekufunga."

Bi Katibu akatabasamu kidogo, tabasamu la kumhurumia Inspekta.

"Mama, mwambie hamkuona," mwanawe akasema. "Mwambie yaishe."

Ukumbini mtu alikuwa ameanza kujaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili.

"Ile saa," Bi Katibu akaanza, "ni ya mwaka jana. Tangazo liko kwenye kompyuta, kila mwaka nabadilisha tarehe na maneno ya juu. Saa naiacha mpaka nitoke bandarini na karatasi yao. Mwaka huu nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake nikasema kesho. Halafu nikachapa." Akavua miwani. "Nilisahau, mwanangu. Hakuna zaidi ya hilo. Nilisahau kama mtu anavyosahau chumvi."

"Na tarehe tisa?"

"Mwalimu alirudi kutoka matembezini akasema Fundi amekata saa yetu. Tukaenda wote wawili tukasimama pale mlangoni. Nikaisoma. Saa moja."

Mwanawe akatoa sauti, si neno.

"Ukafikiri nini?"

"Nilifikiri anataka kutuharibia. Alikuwa ametoka kututukana Alhamisi yake. Nikasema huyu anataka watu waje saa moja wasitukute, warudi makwao wanatusonya, mhadhara ufe. Nilikuwa na hakika. Sijawahi kuwa na hakika ya kitu kama siku ile." Aliongea polepole, kama anayesoma kumbukumbu za kikao. "Mwalimu yeye alisita. Aliniambia, Mama Watoto, hebu kwanza tukaulize bandarini."

Inspekta alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Nami nikamwambia, yaani unakubali mchonga mbao akupangie saa? Akacheka. Nikagonga muhuri, akatia saini, akaenda kubandika. Hakuwa mtu wa kubishana na mimi. Miaka arobaini na sita, na neno langu halikuwahi kwenda mrama."

"Mama." Mwanawe alikuwa ameshika mgongo wa kiti. "Jumamosi, tulipokuwa ufukoni. Mimi niliwaambia watu wamshike yule mtu. Mimi nilimpiga teke akiwa amemshika Baba mikononi. Ulikuwa umesimama pembeni yangu."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, baba."

"Siku tatu umekaa unanitazama nikizunguka mji huu nataka anyongwe. Wadogo zangu wanalia humo ndani, unawapikia, na unajua."

"Nilitaka awe yeye," Bi Katibu akasema. "Nilimwomba Mungu awe yeye. Akiwa yeye, basi si mimi."

Kijana akamtazama mama yake kana kwamba amemsahau jina. Kisha akalegeza tai, akaivua, akaiweka juu ya meza bila kujua anaiweka, akatoka. Walisikia viatu vyake kwenye sakafu ya ukumbi, halafu mlango wa nje.

Koplo alikuwa anaangalia dari. Inspekta alitamani kuwa mahali pengine popote, hata kituoni, hata mbele ya Mkuu.

"Nayaandika maelezo yako," akasema, "halafu utayasoma, ukiona ni sawa utatia saini."

"Nipe niandike mwenyewe. Mwandiko wako haufai."

Akaandika. Ukurasa mmoja na nusu, wima, bila kufuta mahali, na pale pa tarehe tisa akaweka maneno ya mumewe katika alama za kunukuu, kama inavyotakiwa. Alipomaliza akausoma wote kwa sauti, akatia koma moja, akatia saini. Ilikuwa saa kumi na nusu. Koplo akatoka kwenda kumpigia simu Mkuu, na kupitia mlango uliobaki wazi wakamsikia akisema ndiyo mkuu, imeandikwa na imetiwa saini mkuu, ndiyo, kwa hiari yake, sawa mkuu, Fundi afunguliwe.

Watu walikuwa wameanza kuingia ukumbini. Viti vilikwaruza sakafu. Mtu alicheka, akakumbuka alipo, akaacha. Picha ya Mwalimu ilikuwa imetundikwa juu ya jukwaa, na watu mmoja mmoja walikwenda kusimama mbele yake kabla ya kukaa.

Bi Katibu alifunga kalamu, akapanga karatasi zake, akainuka. Alichukua mkoba. Akafika mlangoni, akautazama ule umati, akarudi hatua moja ndani.

"Sasa niende wapi?" akauliza.

"Nyumbani, Bi Katibu. Koplo atakusindikiza, tutapitia mlango wa nyuma. Kapumzike."

"Nyumbani wapo wanangu," akasema.

Inspekta akafunga mlango wa ofisi, akamvutia tena kiti chake, na Bi Katibu akakaa.